Upepo wa Miguu ya Loice

Athanas Mwadime alikuwa amesimama mlangoni pa hoteli moja ya Al Sadd, jijini Doha, kwa miaka sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuingia duka la mtaa ule akakaa zaidi ya robo saa. Kazi ya mlinzi ni kutazama wengine wakikaa. Lakini Ijumaa hiyo alikuwa ameketi kwenye stuli ya duka la vyombo vya muziki, gitaa mapajani, tangu milango ilipofunguliwa baada ya sala ya Ijumaa, na hakuonyesha dalili yoyote ya kuondoka.

Alikuwa akichagua tremolo. Kwa wasiojua mambo ya gitaa la umeme, hii ni pedali, kisanduku cha chuma kinachotosha kiganjani. Unaiweka chini, unaikanyaga, na sauti ya gitaa inaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama mtoto anayeimba huku amebebwa mgongoni. Rafiki yake Dedan, mpiga besi wa kwaya yao na dereva wa lori la maji siku nyingine zote za wiki, alikuwa amemsindikiza akidhani ni kazi ya dakika kumi.

"Mwadime, si uchukue tu moja twende tukakule? Zote si zinatetemeka?"

"Zinatetemeka, lakini si kama kinanda cha mama."

Mama ni Loice, na hapa lazima tusimame kidogo, maana mama huyu si wa kutajwa juujuu. Kwa miaka thelathini na moja alipiga kinanda cha upepo katika kanisa la kijijini kwao, milimani Taita. Kinanda kile hakikujua umeme. Chini kilikuwa na vibao viwili vya kukanyaga kwa zamu, kulia na kushoto, navyo ndivyo vilivyokipa pumzi. Juu kilikuwa na kifundo cheusi ambacho Loice akikivuta, sauti yote ilianza kutetemeka, na wanaume wenye ndevu walianza kutafuta leso. Athanas alikua akikaa sakafuni pembeni ya miguu hiyo, ameshika viatu vya mama yake, kwa kuwa Loice hakupiga kinanda na viatu hata siku moja.

Sasa miguu ilikuwa imevimba na daktari alikuwa ameikataza kazi. Kinanda nacho panya walikuwa wametoboa mifuko yake ya upepo, kikapelekwa stoo, na parokia ikanunua kinanda kipya cha umeme. Jumapili ya wiki iliyofuata waumini wangemuaga Loice rasmi, kwa wimbo wake alioupenda, ukipigwa kwa kinanda hicho kipya. Loice akasema haendi.

"Mimi siagwi na redio," alimwambia binti yake Charity.

Charity akampigia Athanas, na Athanas, aliyekuwa mbali na asiye na likizo hadi mwakani, akafanya jambo ambalo watoto wa mbali hulifanya. Akaahidi. "Mwambie aende. Kinanda chake atakisikia." Mpango ulikuwa kwamba angeupiga wimbo ule kwa gitaa, aurekodi, autume kwa simu, na Charity aufungulie kwenye spika za kanisa watu wauimbe juu yake. Aliahidi kwa mdomo mpana, akakata simu, kisha akaanza kuogopa. Mama akienda halafu asikie gitaa tu linalotetemeka, atakuwa ameagwa na redio mara mbili.

Ndiyo maana alikuwa kwenye stuli.

Muuzaji, Mfilipino wa makamo aliyeitwa kabayan na kila mteja kama ilivyo desturi ya Doha, alikuwa ameshamwekea pedali mbili sakafuni. Ya kwanza ilikuwa ya kijani na haikutetemesha sauti, iliikatakata kama sukumawiki. Athanas aliisukuma kando. Ya pili ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu mpaka Dedan akaacha kulalamika juu ya njaa, na kabayan akafumba macho akatikisa kichwa. Athanas alitoa pochi mfukoni.

Kisha, kwa kuhakikisha tu, akaupiga wimbo wa mama wote, beti zote nne. Ubeti wa tatu ulikuwa wa kuwakumbuka marehemu, na hapo Loice alikuwa akipunguza mwendo mpaka ukadhani atasimama. Wa nne ulikuwa wa ufufuko, na hapo alikuwa akikaza mwendo na kanisa zima likimkimbilia. Athanas akapunguza, akakaza, kama alivyofundishwa. Pedali haikujali. Ilitetemeka kwa kasi ileile kwenye makaburi na kwenye ufufuko. Athanas akaitazama kwa hasira kana kwamba imemtukania mzazi.

"Iko sawa kabisa," alisema Dedan.

"Haiko sawa, na sijui kwa nini."

Akarudisha pochi mfukoni, akapiga simu Taita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula. Mama, kile kinanda. Kitu kilichokuwa kikitetemesha sauti kilikuwa ni nini?"

"Miaka thelathini na moja," alisema Loice, "mapadre saba, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali hilo."

"Nimekuuliza mimi."

"Ndani mna feni. Ya kadibodi, ndogo hivi. Ukivuta kile kifundo inafunguliwa, na upepo unaizungusha. Na upepo ni miguu yangu. Nikikanyaga polepole, inalia polepole. Nikikaza, nayo inakaza. Kwenye msiba nilijua nikanyage vipi, na kwenye harusi vilevile. Watu walisifu vidole vyangu tu, nami nikawaacha wasifu." Sauti yake ilikuwa imenyooka kama ya mwalimu aliyerudishiwa darasa. "Kwani wauliza nini leo?"

"Nilitaka kujua tu."

"Haya. Nenda ukale."

Athanas alibaki na simu mkononi, akijilaumu. Utoto wake wote alikaa kando ya miguu ile, akiitazama ikipanda na kushuka, na hakuwahi kujua kwamba ndiyo iliyokuwa ikiimba. Kisha akamweleza kabayan, kwa Kiingereza chao cha Doha ambacho si cha mtu yeyote: anataka tremolo ambayo kasi yake inabadilishwa na mguu, papo hapo, katikati ya wimbo.

Kabayan alifikiri, akaingia nyuma ya duka, akarudi na pedali ya buluu iliyobanduka rangi. Pembeni ilikuwa na tundu, na kwenye tundu akachomeka kanyagio la pili, lenye ubao unaoinama mbele na nyuma kama ekseleta ya gari. Ukilikandamiza, mtetemo unaenda kasi. Ukiliachia, unatulia.

Athanas alijaribu, akakosea. Buti la ulinzi lilikuwa zito, lilikandamiza lote kwa mpigo mmoja. Basi akainama, akafungua kamba, akavua buti na soksi, akaweka mguu mtupu juu ya ubao mbele za wateja.

"Manze, unaniaibisha," alinong'ona Dedan.

Hakusikilizwa. Wimbo ulianza. Kwenye ubeti wa tatu mguu uliachia taratibu, na mtetemo ukawa mpana na wa huzuni. Kwenye wa nne ukakandamiza, na sauti ikachangamka ikakimbia. Dedan alivua kofia, asijue kwa nini ameivua.

"Ile ya pili ina sauti nzuri zaidi," kabayan alisema, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli.

"Najua," alijibu Athanas. "Nifungie hii."

Wiki nzima, chumbani kwao Muaither, alifanya mazoezi na spika za masikioni, na wenzake wa chumba hawakusikia kitu ila waliona mguu mmoja ukiinama na kuinuka. Ijumaa, ambayo Doha ndiyo siku ya Wakristo kusali, alirekodi baada ya ibada. Alirudia mara tisa, akatuma ya tisa.

Jumapili alikuwa zamu. Kwa watu wa Taita ilikuwa siku ya Bwana, kwa Doha ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, na simu mlangoni ni marufuku. Alisimama, akafungua milango ya magari, akasalimu wageni, na moyoni hakuwepo. Saa ya chakula ilipofika aliingia kantini, akawasha simu kabla ya kugusa sahani. Video ya Charity ilikuwa imefika.

Loice alikuwa amekwenda. Alikuwa benchi la mbele, kitenge cha buluu, bakora ubavuni, uso umefungwa kama duka. Gitaa likaanza kwenye spika. Loice hakugeuka. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, watu wakiimba, na uso ule haukusema kitu.

Ubeti wa tatu ulipoanza kupunguza mwendo, Charity aliishusha kamera.

Viatu vya Loice vilikuwa pembeni, vimepangwa. Miguu yake iliyovimba ilikuwa juu ya sakafu ya saruji, mitupu, ikikanyaga. Kulia, kushoto, polepole, pamoja na mtetemo. Na ubeti wa nne ulipokuja, pale Athanas alipokandamiza ubao, miguu ya mama yake ilikaza papo hapo, na kanisa likaikimbilia.

Mlinzi mwenzake, Wesley, alikuwa akichungulia juu ya bega lake.

"Huyo mama anafanya nini na miguu?"

"Ni mama yangu," alisema Athanas, kwa sauti ambayo meza zote za kantini ziliisikia. "Anapiga kinanda."