Shanga Nilizozikosea Umri

Wakati ule mume wangu alikuwa karani wa reli hapa Kindu, nami nilikuwa na ugonjwa mmoja tu: mapambo ya kale ya bei rahisi. Dhahabu haikunishughulisha. Nilitaka herini za kioo, pini za kifuani, bangili za plastiki na mikufu ya shaba ambayo madamu wa Kizungu waliichoka wakawapa wapishi wao, na wapishi wakaniuzia mimi. Mume wangu alisema mto ukifurika nitaokoa makopo yangu kwanza, yeye baadaye. Sikumbishia.

Hakuna aliyenifundisha kutambua umri wa vitu hivi. Nilijifunza kwa kulinganisha. Pini ambayo sindano yake inapita ukingo wa pambo na kushikwa na ndoano tupu, hiyo ni ya zamani. Yenye kidude cha kuzungusha ni ya juzi. Herini za kukaza kwa skrubu zilitangulia zile za kubana. Bangili niliisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto, kisha nikainusa, na ikinuka kafuri nilijua ni kuukuu. Sifa zangu zikaenea mtaa wetu wote wa Mikelenge, na kusema kweli nilizipenda mno.

Siku moja tulivuka mto kwenda Alunguli arusini. Wanawake tulikaa uani tukingoja wali, wakaanza kunitania niwapimie umri wa mapambo yao. Nikatoa kioo changu cha kukuzia, nilichokinunua kwa fundi saa. Huyu nikamwambia herini zake ni rika la kifungua mimba wake, yule bangili yake imemzidi mama mkwe. Tulicheka mpaka machozi. Kisha mjane mmoja mzee, jirani wa bwana arusi, akasogea, akainamisha kichwa nitazame shanga zake nyekundu za shingoni.

"Hii njo ya mama yangu," alisema. "Bantu ya msafara ya batumwa walimukamata akiwa mutoto mudogo, akafika hapa na hii tu kiunoni. Mama yake njo alimuvalisha."

Nikaangalia kifungo kisogoni. Kilikuwa cha shaba, cha kuzungusha, aina iliyokuwa ikiuzwa duka la karibu na stesheni. Mimi mwenyewe nilikuwa navyo viwili. Sikuangalia kingine.

"Mama, hii shanga iko mupya," nikasema kwa sauti ya fundi. "Haina hata miaka tano."

Wanawake wakacheka, maana walikuwa wakicheka tangu mwanzo. Yeye hakucheka. Alizifunika shanga kwa mtandio, akala wali wake. Mimi nikaendelea na shingo nyingine.

Miezi mitatu baadaye uzi wa mkufu wangu wa shanga, mkongwe kuliko yote, ulikatika. Nikautunga upya, na kwa kuwa kifungo chake kilikuwa kimelegea, nikatia kimoja cha vile vya dukani. Nilipouinua kuutazama, nikakiona kile kifungo kipya kwenye shanga kuukuu. Nani katika mji huu hajabadilisha uzi? Nani hajabadilisha kifungo? Nilikuwa nimekisia umri wa mtu kwa kutazama viatu vyake. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile ya arusi ulikuwa umelainika kwa sifa. Niliona aibu hata chakula kikanishinda.

Asubuhi yake nilivuka tena. Yule mama alinikaribisha vizuri, akanipa kiti na karanga. Shingo yake ilikuwa tupu. Nilipomwomba nizione tena zile shanga, alizitoa kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda. Nikazipeleka mlangoni penye mwanga, na mara hii nikatazama punje moja moja. Zilikuwa nyekundu nje, nyeupe ndani. Matundu yalikuwa yamelika na kupanuka upande mmoja mpaka weupe umejitokeza, na kila punje ilikuwa imesagika bapa pale inapogusana na mwenzake. Uzi haufanyi kazi hiyo kwa miaka mitano. Hayo ni maisha ya mtu mzima, pengine ya watu wawili.

Nikapiga magoti. "Mama, nilikosea. Kifungo tu njo mupya. Shanga iko ya zamani sana, weye hata haujazaliwa."

"Kifungo nilinunua mimi," alisema. "Ya kwanza ilivunjika."

"Sasa juu ya nini haukunijibu ile siku?"

"Haukusema kifungo. Ulisema shanga. Na weye njo fundi."

Nikamwambia nitawaita bamama wote wa ile arusi, niwaeleze mbele yake kwamba alisema kweli.

"Bale bamama, uwaache. Hawakunifanya kitu." Alizichukua shanga mikononi mwangu, akazipitisha vidoleni polepole. "Na weye sikukukasirikia, mutoto yangu. Nilimukasirikia mama. Nilisema, kumbe alinidanganya mimi, tangu niko mudogo. Miezi tatu hii sikumuombea dua hata siku moja."

Akanigeuzia kisogo nimfungie. Nilifunga kwa shida, naye akangoja bila haraka. Kisha akainuka, akachukua birika lake, akaenda nyuma ya nyumba kutawadha.