Swali la Baada ya Salamu

Siku yangu ya kwanza kwenye utafiti wa pumu sikushika sindano. Nilikuwa muuguzi wa miaka mingi wodini, mtu wa Njombe niliyeolewa na mwalimu nikamfuata Mafia. Daktari Mtafiti, mkuu wa kazi yetu pale Kilindoni, alinikabidhi kalamu ya wino wa bluu akasema, "Sista, kuanzia leo, ambalo halikuandikwa halikutokea." Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Enzi hizo hifadhi ya bahari ilikuwa imeshazoeleka, na watu wa visiwani walikuwa wamechoka kuhesabiwa. Tulipokwenda Utende kutafuta washiriki, mzee mmoja alituuliza, "Wale wa hifadhi wanapima samaki wetu, na nyie mmekuja kupima pumzi?" Nikamjibu kwamba ndiyo, tena pumzi haikatiwi leseni kama uvuvi. Alicheka mpaka akabanwa na kikohozi, nami nikamwandikisha palepale.

Nieleze kazi ilivyokuwa, maana vijana wa leo wanadhani utafiti ni kubofya kishikwambi. Tulitafuta watu wazima ambao pumu yao haikutulia hata walipovuta dawa ya inhela sawasawa. Kila mmoja tulimsomea karatasi ya ridhaa neno kwa neno, na kukataa kulikuwa ruhusa. Waliokubali walichomwa sindano mara moja kwa mwezi, wengine dawa mpya, wengine maji ya chumvi tu, na wote waliendelea na inhela zao. Nani kapata nini hatukujua, si mgonjwa, si mimi, wala Daktari Mtafiti. Siri ilikaa kwenye bahasha Dar es Salaam, kwa sababu muuguzi akijua, uso wake utasema. Kati ya sindano na sindano nilipiga simu kila wiki kuuliza dalili na kutia alama kwenye kadi.

Bi Mwanakombo, mkulima wa mwani wa Jibondo, alikuwa mshiriki niliyempenda kuliko wote, ingawa mkuu wangu asingependa kusikia hivyo. Alinizidi umri. Simu yetu haikupita dakika mbili.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Bwana? Watoto?"

"Wote hatujambo. Na wewe je, kifua hakijambo?"

"Hakijambo, alhamdulillahi."

Nikatia alama: hakuna dalili. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Moyoni nikaanza kuisifu ile sindano, jambo ambalo mtafiti hatakiwi kulifanya.

Wiki ya nne, asubuhi, aliletwa kwa boti katikati ya madumu matupu yaliyokuwa yanakuja kujazwa maji. Alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, midomo ya bluu, hawezi kutamka hata salamu. Tulimpa oksijeni na mvuke wa dawa. Daktari Mtafiti aliweka kipimo kifuani, akasikia kimya. Pumu ikipiga mluzi unahangaika, ikinyamaza unaogopa, maana hewa haipiti.

Saa sita mchana alianza kuvuta pumzi vizuri. Nikamvuta kando Rehema, binti yake aliyemleta.

"Mama halali, wiki ya tatu hii," akasema. "Anakaa kitako mpaka alfajiri."

"Mbona kwenye simu anasema hajambo? Mficha maradhi, kifo humuumbua!"

Rehema alinitazama kwa adabu, ile adabu inayouma. "Hakuficha, Sista. Hukumuuliza. Ulikuwa unamsalimu. Mtu kakusalimu kwa heshima zake, utamjibu unakufa?"

Hata kwetu Njombe, aliyefiwa hujibu "nzuri" kwanza, kisha ndipo anapoeleza msiba. Mimi nilichomeka swali langu katikati ya salamu, nikapokea jibu la salamu, nikakata simu.

Kadi tatu zilikuwa mezani kwangu. Ningenyamaza, zingepelekwa Dar es Salaam kutoa ushahidi juu ya dawa, na watu nisiowajua wangetibiwa kwa uongo wangu. Ningesema, kituo chetu kingeweza kufungwa. Nilizichukua nikampelekea Daktari Mtafiti, nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Washiriki wengine uliwauliza vipi?"

"Hivyohivyo, Daktari."

Akavua miwani. "Basi tuna kabati zima la salamu."

Hakunifokea. Alinikumbusha tu sheria ya kazi yetu: hakuna kufuta. Unapiga mstari mmoja, kosa libaki likisomeka chini yake, unaandika la kweli na kutia sahihi. Nilirudi kwa kila mshiriki, Kanga, Utende, Jibondo, nikipiga mistari. Kwa aliyesahau alivyokuwa, niliandika "haijulikani". Kituo hakikufungwa, ila kadi zetu za mwezi ule hazikuhesabiwa, na barua ya onyo ninayo mpaka leo.

Tangu hapo nilisalimia mpaka salamu ziishe, hata kuku waulizwe. Ndipo niliposema, "Haya, salamu tumemaliza. Jana ulilala, au ulikaa kitako?" Bi Mwanakombo alipoulizwa hivyo mara ya kwanza alicheka, kisha akazungumza robo saa nzima.

Bahasha zilipofunguliwa mwishoni, dawa mpya ilionekana imewafaa baadhi, si wote. Yeye alikuwa kwenye kundi la maji ya chumvi. "Maji ya chumvi?" akaniambia. "Yamejaa mlangoni kwangu! Si mngenambia nikayachota mwenyewe?"

Nimestaafu, naishi Kilindoni bado. Mume wangu nilimzika mwaka jana. Wapita njia hunijulia hali, nami huwajibu vizuri, kama inavyopasa.

Mwezi uliopita Bi Mwanakombo alinipigia simu.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, namshukuru Mungu."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Haya, salamu tumemaliza. Jana ulilala, au ulikaa kitako?"

Nilitaka kusema nililala. Machozi yakanitangulia.

"Nilikaa kitako, mama."