Mtaalamu wa Rangi za Kinyonga

Mpwa wangu ana kinyonga. Ni mchanga bado, hazidi kidole changu kidogo, na mkia wake unajikunja hata pasipo sababu. Mtoto alimwokota kwenye mchungwa nyuma ya nyumba ya mama yake, ambaye ni mdogo wangu, akaja naye hadi kwenye baraza ninaposhonea nguo hapa Kindu.

"Mujomba," aliniuliza, "hii inakula nini?"

Swali hilo nililingoja miaka mingi. Nilisimamisha cherehani, nikavua miwani, nikakaa sawasawa. Katika ukoo wetu mtaalamu wa vinyonga ni mimi. Hakuna aliyenipa cheo hicho. Nilijipa mwenyewe wakati wa vita, nilipokuwa mtoto, na tangu hapo nimekitunza kuliko nilivyoitunza ndoa yangu ya kwanza.

"Sombe," nilimjibu. "Unaona rangi yake? Mnyama wa rangi ya majani anakula majani."

Akaenda, akachuma majani ya muhogo, akayapanga mbele ya kinyonga kwenye sahani. Kesho yake majani yalikuwa yamenyauka bila kuguswa. Nzi akatua kwenye ukingo wa sahani, ulimi ukatoka, nzi hayupo tena. Mpwa wangu alinitazama kwa adabu. Nilimwambia kinyonga huyu si wa kawaida. Nilimwambia pia amwekee maji kwenye kizibo cha chupa. Hakuyanywa. Mtoto akaanza kunyunyizia matawi maji kwa vidole, na kinyonga akawa anaramba matone moja baada ya jingine. Hapo nilikumbuka kwamba nilikuwa na suruali ya mteja ya kumalizia.

Ili mnielewe, lazima nieleze cheo changu kilitoka wapi.

Wakati ule mji ulikuwa umezingirwa. Treni ilikuwa haiji, maboti yamelala bandarini, na watu wenye silaha walikuwa porini pande zote. Chakula chetu kilikuwa ng'ambo ya mto Lualaba, kwenye shamba la mama la mihogo na karanga. Wanawake walivuka asubuhi kwa mtumbwi, na wengine hawakurudi. Nyumbani tulikuwa baba, mama, nyanya yetu mzaa baba tuliyemwita koko, mimi, na mdogo wangu wa kike ambaye hata umri wa shule alikuwa hajafikisha. Njaa ilitupiga sote, lakini yeye ilimshika. Miguu ilimvimba, nywele zikageuka nyekundu, akaacha kucheza, akaacha hata kulia. Mwuguzi wa zahanati alimtazama, akamwambia mama: "Huyu mutoto anahitaji karanga na samaki. Dawa njo hiyo, ingine hatuna." Samaki mmoja mmoja baba aliweza kumpata kando ya mto. Karanga zilikuwa shambani.

Siku hizo ndipo nilipompata kinyonga wangu, mchanga kama huyu wa leo, kwenye ua wa majirani. Kwetu kinyonga hashikwi kwa mkono. Watu wazima humzungukia mbali njiani, na mwanamke mwenye mimba hugeuza uso. Koko, ambaye aliswali swala zake zote na aliwahi kumfokea askari mwenye bunduki kwa sababu alikanyaga mkeka wake, alipomwona kwenye bega langu alipanda juu ya kiti. Aliniamuru nimtupe. Nilimtupa mbele yake, nikamwokota alipogeuka.

Asubuhi moja nilimbana sana mkononi. Akawa mweusi kama chini ya sufuria, akafungua mdomo kunitisha. Kabla ya adhuhuri tukasikia milio ya risasi kutoka ng'ambo. Nilisimulia nilichoona, kwa kuwa sijawahi kunyamaza na jambo. Koko alifikiri kidogo, kisha akasema: "Kale kanyama kalijua." Kuanzia hapo sikuhitaji tena kumficha.

Mtu anaweza kushangaa jinsi mji mzima unavyoweza kumwamini mjusi, lakini tulikuwa hatuna habari nyingine. Betri za redio ya baba zilikuwa zimekufa. Kila asubuhi alizipanga juu ya ukuta zipate jua, na zikipata nguvu kidogo tulisikia maneno mawili matatu, kisha redio inakohoa na kunyamaza. Nami nilichomeka tawi kwenye kopo, nikamweka kinyonga palepale ukutani, kando ya betri. Asubuhi betri zimekufa na kinyonga ni mweusi. Jua likipanda, betri zinaamka, na kinyonga anakuwa kijani. Jambo hilo lilitokea mbele ya macho yangu kila siku iliyokuwa na jua. Mtoto mwingine yeyote angejiuliza. Mimi sikuwa na nafasi ya kujiuliza, nilikuwa na wateja.

Maana walikuja kweli. Wanawake wa avenyu yetu walipita na mabeseni yao kabla ya kushuka mtoni.

"Mwenye kinyonga, leo iko namna gani?"

Nilikuwa naweka mikono mgongoni, nimekunja uso, nainama kumtazama kinyonga upande huu, kisha upande ule. Niliwangojesha makusudi, kwa sababu nilikuwa nimeona wakubwa wote wa mji wanafanya hivyo. Mweusi: adui yuko karibu. Kijani: njia ni wazi. Akitoa madoa ya manjano: mvua au mgeni, kutegemea nani ameuliza. Na jioni, alipopauka akakaribia kuwa mweupe kwenye tawi lake, niliwatangazia kwamba anaona malaika. Alikuwa amelala tu.

Mzee mmoja wa msikiti wetu alikuja kulalamika kwamba hiyo ni ramli. Koko alimkaribisha vizuri, akamjibu kwamba ramli ni haramu na yeye hawezi kuiruhusu nyumbani kwake. Lakini macho ya kinyonga yanatazama pande mbili kwa wakati mmoja, basi anaona kuliko binadamu, na kumuuliza aliyeona si dhambi. Mzee alikaa akifikiri. Wakati wa kuondoka aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni vizuri kesho yake amtume kijana wake katikati ya mji.

Mama pia aliniuliza, kila alipotaka kuvuka. Yeye hakutabasamu kama wengine. Nikisema mweusi, aliketi akangoja. Nikisema kijani, alijitwisha beseni akaenda, nami nilibaki nimevimba kichwa.

Kisha jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alivuka, asirudi. Baba alikataa kabisa. Alimwambia mama kwamba mke wake hatavuka tena mto ule, na koko akaunga mkono. Mama hakubishana. Alikaa nyumbani akichemsha majani ya kila aina, na mdogo wangu akawa hafungui macho hata akiitwa jina. Nilikuwa mtoto, lakini niliogopa. Usiku mdogo wangu alilala karibu nami, na nilikuwa namgusa tumbo kuona kama linapanda na kushuka.

Siku moja asubuhi mama alitoka na beseni. Mvua ilikuwa imenyesha, mawingu mazito, mji wote rangi ya majivu. Baba alisimama mlangoni.

"Hauendi," alimwambia.

"Ukienda utatuachia watoto wawili na maiti moja ya kutafuta," koko akaongeza.

Mama alikuja akaketi ukutani kando yangu, beseni mapajani, akaniuliza kinyonga anasema nini. Nilimtazama. Alikuwa mweusi tii.

"Iko mweusi, mama."

"Basi tungoje," alisema.

Tukangoja. Nilikuwa nafurahi, nikiri hivyo, kwa sababu baba mwenyewe alikuwa amesimama pale anangoja neno langu. Saa zilipita. Mitumbwi ya asubuhi ilikuwa imeshaondoka. Baada ya muda mrefu mawingu yalipasuka, jua likapiga ukuta, na kinyonga akaanza kubadilika kutoka kichwani: kahawia, kijani kizito, mwisho kijani kibichi chenye mistari. Nilisimama. Nilikohoa kwanza.

"Iko rangi ya majani. Njia iko wazi. Mama, enda."

Baba alisogea kando. Koko alitazama kinyonga, akatazama mbingu. Mwenyewe ndiye aliyemweka yule mnyama kwenye kiti cha heshima, sasa angesema nini? Mama alishuka kuelekea mtoni kutafuta mtumbwi mwingine.

Alasiri risasi zililia ng'ambo. Zilikuwa nyingi, na hazikuwa mbali. Nilikimbilia ukutani. Kinyonga alikuwa kwenye jua kali, wa kijani, mzuri kuliko siku zote, anazungusha jicho moja kutafuta nzi. Nilimfokea ageuke rangi. Nilimtikisa na tawi lake. Nilimwambia ni mwongo, mwana wa mwongo, nikamwomba msamaha, nikamfokea tena. Nilikuwa nalia na makamasi yananichuruzika, mtaalamu mzima.

Mama alirudi kabla ya magharibi. Alikuwa amepoteza ndala moja, matope mpaka kiunoni, kwa sababu alijilaza kijitoni chini ya mihogo mpaka wale watu walipopita. Beseni lilikuwa limejaa karanga. Koko alizitwanga palepale, bila hata kuziosha vizuri, akampikia mdogo wangu uji.

Nami je? Nilifuta makamasi, nikatoka kwenye avenyu na kuwaambia watu wote: "Nilisema. Nilisema njia iko wazi." Kwamba mama alilala kwenye maji huku risasi zinapita, hilo sikulitaja. Sifa yangu ikafika mpaka upande wa stesheni ya gari moshi.

Hicho ndicho cheo nilichokaa nacho mpaka juzi.

Juzi ilinyesha mvua asubuhi. Kinyonga wa mpwa wangu alikuwa kwenye kopo lake barazani kwangu, mweusi. Palikuwa na wateja, na mmoja wao alikuwa anajiandaa kwenda mji wa Tunda kwa pikipiki. Nikaweka mikono mgongoni. Nikamwambia kwamba mimi kwa uzoefu wangu wa wakati wa vita ningeahirisha safari, mnyama ameona kitu. Yule mtu akashusha mzigo wake. Mpwa wangu alimtazama, akanitazama mimi, akachukua kopo na kulisogeza karibu na pasi yangu ya makaa, si karibu sana. Tulikaa tukitazama wote. Polepole kinyonga akawa kahawia, akawa kijani.

"Haikuona kitu, mujomba," mtoto alisema. "Ilikuwa inasikia baridi. Ikiwa nyeusi inavuta joto."

"Basi hatari imeisha," alisema yule mteja, akajitwika mzigo wake. Wengine walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye kitambaa cha bibi harusi.

Alasiri nilikwenda kwa mdogo wangu. Mama anakaa naye siku hizi. Baba na koko walishatangulia mbele ya haki. Nilimkuta mama uani anakunywa chai, na mdogo wangu yuko kando yake anachambua mchele. Nilimsimulia yote, nikijicheka kabla hajanicheka. Nikamwambia: kumbe kinyonga wangu hakujua lolote, alikuwa anaota jua tu.

"Ee," mama alisema. "Asubuhi ziko nyeusi, jua ikipanda zinapata rangi ya majani. Shambani tuliziona kila siku."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulijua?"

"Nani hajui?"

"Sasa ulikuwa unaniuliza nini?"

Mama alipuliza chai yake. Hakuwa na haraka.

"Baba yako alikatala," alisema. "Koko alikatala. Na mimi nilikuwa naogopa, weye hujui namna nilikuwa naogopa. Miguu ilikuwa inakatala kwenda. Nilitaka muntu moja tu mu ile nyumba aniambie enda. Nilijua jua ikitoka, utasema."

Niliona tena ukuta, mawingu, beseni mapajani mwake, na mimi nimekunja uso, nangojesha watu.

"Na kama jua haingetoka siku ile?" niliuliza.

Mama alimtazama mdogo wangu, kisha akanitazama mimi.

"Ningebaki," alisema.

Mdogo wangu aliweka chini ungo wa mchele, akachukua kikombe cha mama, akakiongezea chai, akamrudishia mkononi.