Vita vya Bwana Lori

Tangu astaafu, Bwana Lori alikuwa mtu wa kochi tu. Miaka yote alikuwa mpanga magari wa kiwanda cha mikate: lori gani liende wapi, lipite njia ipi, nani ashushiwe mzigo kwanza. Sasa ukimuuliza chai au maji, anakujibu, "Chochote." Mkewe, fundi cherehani na mwanamke wa maneno, alizoea kugombana naye; kunyamaziwa hakukuzoea hata kidogo. Aliogopa. Aliona mume anamponyoka huku anamwangalia.

Zamani mume huyo alipenda michezo ya vita ya mezani, basi fundi akamnunulia sanduku zito, limejaa askari wa plastiki, mizinga na dadu za kurusha. Bwana Lori akashukuru, akacheza mara moja, akalisukuma chini ya kitanda.

Fundi akalibeba mpaka dukani, amevimba. "Si uliniambia hili ndilo bora?"

"Ni bora, mama," muuzaji akasema. "Ila kwa nani? Mzee anapenda kupiga au kupanga? Anapenda bahati ya dadu au akili yake mwenyewe?"

Fundi akalitua sanduku mezani. Jamani, mtu umezaa naye, umemshonea suruali zote alizovaa, na hujui anachopenda! Ndipo akakumbuka filamu za vita walizotazama nyumbani. Watoto wakishangilia mabomu, baba yao hulalamika: "Hawa wamekula saa ngapi? Maji kawaletea nani?"

Muuzaji akacheka, akashusha kisanduku chembamba. Vikosi vichache, barabara nyingi, dadu hakuna. Jeshi lisilofikiwa na chakula halisogei.

Alasiri hiyo Bwana Lori alikunjua ramani ya mchezo huo mpya kivivu. Akainama. Akatafuta miwani.

"Mama watoto, acha hiyo cherehani. Kaa upande ule."

Fundi akakaa, akauvamia mji mkuu kwa mbwembwe. Mumewe akafunga daraja moja nyuma yake.

"Basi, umekwisha."

"Nimekwisha vipi, na mji nimeuchukua?"

"Jeshi lako lina njaa. Nani alikutuma uondoke bila kulinda daraja? Ungekuwa kiwandani kwangu, ningekufukuza asubuhi ile ile."

Akaendelea kumsema, kidole juu ya ramani, mpaka chai ikapoa. Fundi hakujibu, yeye wa kujibu kila kitu. Moyo ulikuwa umemtua, na alijua akifungua mdomo atalia.