Mnufaika Mmoja wa Kuhojiwa

Nauza vitambaa Kariakoo, shule yangu iliishia la saba, na mpaka leo sijui kwa nini shirika moja la misaada lilinichagua. Walisema wanataka mfanyabiashara wa mtaani akae kwenye kamati ya kukagua vikundi vinavyoomba ruzuku, ili wasiamue peke yao. Nikakubali. Labda nilipenda tu kuitwa mjumbe.

Kikundi ninachokikumbuka ni cha akina mama waosha maiti. Walikuwa wakiwaosha na kuwavisha sanda wanawake ambao ndugu zao hawana uwezo, kwenye ua wa nyumba ya zamani, mojawapo ya chache mtaani kwetu ambazo hazijageuzwa ghorofa. Ghorofani hakuna ua. Mwenye nyumba alishawaambia: walipe kodi kama wanayolipa watu wa stoo, au wahame. Kodi hiyo ndiyo waliyoiombea ruzuku.

Mimi ni mwanamke mwenzao, lakini Mkristo, kwetu Kilimanjaro, kwa hiyo niliingia kwa hadhari nisije nikakosea. Afisa wa shirika, kijana mpole, alibaki mlangoni kwa heshima, kishikwambi mkononi. Alimwamkia bibi, kiongozi wao, shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akauliza vizuri tu mpaka akafika hapa:

"Bibi, naomba nimhoji mnufaika mmoja."

"Nani?"

"Mnufaika. Mtu mliyemsaidia."

Wakatazamana. Mmoja aliyekuwa akikunja sanda akaangua kicheko. "Baba, wanufaika wetu wako makaburini. Nenda kabishe hodi, ukiitikiwa utuite na sisi."

Hata afisa alicheka. Akaomba picha basi, moja tu, hata ya mgongo.

"Mpige huyu," yule mcheshi akamwonyesha mwenzake. "Kufa hajafa, lakini kulala mchana, hapo ndipo penyewe."

"Au majina ya ndugu wa marehemu," afisa akasema.

Bibi hakuwa amecheka tangu mwanzo. "Mjukuu wangu, mtu akikosa sanda ya mama yake, hiyo ni aibu yake. Sisi tumemsitiri. Ukishasitiri, hurudi kufunua." Akanigeukia mimi. "Au nakosea, mwanangu?"

Nikasema hukosei, bibi. Nilisema kwa sauti ndogo, sijui kama afisa alisikia.

Kwenye kikao cha kamati, upande wa ushahidi akina mama walipata alama sifuri. Niseme haki: wale wa shirika hawakuwa watu wabaya. Kuna kikundi kiliwahi kuwaletea picha za watoto wa kuazima, wakadanganyika, na tangu hapo ndio wanataka picha zaidi. Nilisema, "Hawa si waongo." Mwenyekiti, mama mstaarabu, akanijibu taratibu: "Mama, hakuna aliyesema ni waongo. Ila mfadhili yuko mbali, anaona kile tunachomwonyesha. Wewe dukani unatoa mali bila risiti?"

Sitoi. Jibu lilinijia narudi kwa miguu, nimeshafika Mnazi Mmoja: risiti anapewa aliyenunua, haionyeshwi wapita njia. Lakini sijui kama hata hilo ni jibu. Na kikao kilikuwa kimekwisha.

Pesa zilienda kwa vijana wanaozibua mitaro. Mitaro waliizibua kweli, nimeona. Masika yale maji hayakuingia dukani kwangu. Kwa hiyo nimenufaika. Mimi wangeweza kunihoji.

Ule ua sasa umejaa maboksi ya viatu. Akina mama wanazunguka na kitanda chao cha kuoshea, leo kinakaa kwa huyu, kesho kwa yule. Ndipo akafariki mpangaji mmoja, ghorofa ya juu ya duka langu, mama aliyekuwa akiuza vitumbua asubuhi. Kitanda hakikuingia bafuni. Lile bafu ni la kuchangia, mlango mwembamba; kichwa kikawa ndani, miguu koridoni. Bibi akashuka dukani.

"Mwanangu, tuazime kitambaa cha kuzibia. Kizito."

Nilichukua jora la kitambaa cha mapazia, nikapanda nalo. Walinionyesha pa kusimama, nje, mgongo kwao, nishike pembe. Maji yalianza kunipitia miguuni, yanaelekea kwenye ngazi, na watu wa ghorofa za juu walikuwa wanashuka kwenda kazini, wengine wakigeuza uso, wengine wakiuliza bomba limepasuka wapi.

Kijana mmoja akasimama, akatoa simu, akainyanyua.

"Anapiga picha," nikasema.

Nyuma yangu kata ya kumwagia maji ikawekwa chini. Kisha nikamsikia bibi: "Muulize basi kama anaweza kutupa moja. Si mlikuwa mnaitaka?"

Aliposema mnaitaka, na mimi nilikuwemo. Nilinyanyua kitambaa juu zaidi, mpaka mabega yakaniuma, na kijana akasogea ngazi moja juu ili aone vizuri.