Namba Niliyoifuta kwa Msasa

Siku yangu ya kwanza katika ghala la silaha, kwenye kituo kimoja cha polisi huku Changamwe, Sajini wa Ghala hakuniuliza jina. Alinipa bastola iliyoshika kutu, kipande cha msasa na mkebe wa mafuta, akasema atarudi baada ya chakula cha mchana ajitazame uso humo. Nilisugua. Nje malori ya mafuta yalipita moja baada ya jingine na kioo cha dirisha kikatetemeka. Aliporudi aliinua mtutu kwenye mwanga, akakagua meno yake, akacheka.

"Kijana wa Chaani, utafaa. Silaha chafu ni aibu ya fundi."

Maneno hayo niliyashika kwa miaka mingi, nayo ndiyo yaliyoniponza.

Fundi wa silaha si mpiga risasi. Kazi yetu ilikuwa kupokea silaha, kuikagua, kuitengeneza na kuirudisha, na kila hatua kuandikwa daftarini. Rivolva za zamani nilizipenda kuliko zote kwa sababu ukizifungua zinajieleza. Kuna silinda, kigurudumu chenye matundu ya risasi. Kuna nyundo inayogonga kitako cha risasi. Ndani ya mpini imejificha springi kuu, ambayo ndiyo inayoipa nyundo nguvu. Springi hiyo ikivunjika, rivolva haina tofauti na kipande cha bomba.

Kupenda kwangu kulinifikisha kwa Afisa wa Kumbukumbu, mtu mwembamba aliyetembea na lenzi mfukoni. Alikuwa akikusanya rivolva walizopewa askari wa mwanzo wa pwani hii, mwisho wa karne ya kumi na tisa, aziweke katika kabati la vioo kwenye chumba cha maonyesho. Zilikuwa zimebaki chache mno. Nyingi ziliyeyushwa, nyingine zilitupwa baharini. Alinionyesha kwamba nyuma ya mpini, kwenye chuma chenyewe, kila moja iligongwa namba kwa mkono. Alikuwa pia na daftari kuukuu la kutolea silaha, ambamo kila namba ilikabiliana na jina la askari. Silaha nyingine zote zilionyeshwa zilikoishia, lakini mbele ya majina manne paliandikwa neno moja, "imepotea". Wanne hao walifukuzwa kazi na kufungwa.

"Wewe unaona chuma," aliniambia. "Mimi natafuta watu."

Nilidhani ni maneno ya mtu aliyekaa sana na karatasi.

Nikahamishiwa Kisauni. Huko, katika sanduku la silaha zilizoondolewa kazini, nikaikuta rivolva ya aina ileile, nyeusi kwa kutu. Nilitaka kumfurahisha Afisa, kwa hiyo niliishughulikia wiki nzima. Msasa mkali, kisha mwororo, kisha kitambaa. Ilipomfikia ilikuwa kama imetoka kiwandani leo. Aliigeuza nyuma ya mpini, akatoa lenzi. Akaisogeza dirishani.

"Ilikuwa na namba?" akaniuliza.

Nikasema sikuiona.

"Hukuiona kwa sababu uliianza kwa msasa. Fundi, umemwosha mtu mpaka ametoweka."

Hakunipeleka kwa wakubwa. Afadhali angenipeleka.

Habari za rivolva ya Kisauni zilisambaa, na mwezi haukuisha Afisa akaniita kwenye chumba cha maonyesho: amekuja mama mmoja mtu mzima kutoka Likoni, Bi Mwanakombo, mtandio wake mweupe umenyooshwa vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi. Babu yake alikuwa mmoja wa wale wanne. Alieleza bila haraka kwamba mtaani kwao jamaa zake huitwa watu wa bastola mpaka leo. Sufuria ikikosekana harusini, lazima atokee mtani wa kusema waulizeni kina bastola kwanza. Watu hucheka, na yeye hucheka nao. Babu yake alikufa akisema aliirudisha silaha ya serikali kwa mkono wake.

"Sitaki fidia, mwanangu," alisema. "Nataka kujua. Hii ndiyo yake?"

Nilimwambia kweli, kwamba namba ilikuwepo na nimeifuta mimi. Aliitazama rivolva inayong'aa, kisha akanitazama.

"Basi umeifuta kwa usafi," akasema, akaondoka. Sikuelewa kama amenisamehe au amenihukumu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Likoni. Siku moja vibarua waliokuwa wakibomoa stoo kuukuu ya silaha nyuma ya kituo walitoa kasha la chuma lililokuwa limejengewa ukutani. Ndani mlikuwa na rivolva iliyoganda kutu, ya aina ileile. Nikaitwa. Safari hii nilianza kwa kutazama, mikono nyuma. Mpini ulikuwa umefunguliwa upande mmoja. Springi kuu ilikuwa vipande viwili. Skrubu zake tatu zilifungwa kwenye kitambaa kidogo kilichowekwa pembeni. Hakuna mwizi anayefunga skrubu kwenye kitambaa. Hiyo ilikuwa kazi ya fundi iliyoachwa katikati.

Mkuu wa Kituo alifurahi. Mkubwa wake wa mkoa alikuwa anakuja Ijumaa, naye alitaka kumwekea rivolva mezani.

"Itang'aa lini?" akauliza.

"Haitang'aa, Afande."

"Unataka tumwonyeshe mkubwa kutu?"

"Nataka tumwonyeshe jina, Afande. Nikiisugua, jina limekwenda. Nimeshafanya hivyo mara moja."

Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, na kukataa amri si jambo dogo. Mkuu akasema nipate jina hilo kabla ya Ijumaa, la sivyo nitashika msasa mbele yake.

Niliilaza katika mafuta mepesi siku tatu. Siku ya nne nilichukua chelewa, ule uti wa ukuti tunaotengenezea fagio, nikauchonga ncha, nikaanza kuinua kutu punje kwa punje. Alhamisi mchana nikasaga chaki, nikaipaka nyuma ya mpini na kuipangusa kwa kidole. Unga ulibaki mashimoni. Arubaini na moja. Nikampigia simu Afisa wa Kumbukumbu. Nilimsikia akifungua kurasa, kisha akasoma jina taratibu. Alikuwa babu yake Bi Mwanakombo.

Aliirudisha, kama alivyosema. Aliileta itengenezwe springi, na fundi wa wakati huo akaipokea bila kuandika.

Ijumaa, kwa ruhusa ya Mkuu wa Kituo, Bi Mwanakombo alikuwepo. Nilimwelekezea kidole chake kwenye namba. Alipapasa mara mbili.

"Nani aliyesahau kuandika?" akauliza.

"Fundi, Bi."

"Ninyi mafundi," alisema, na akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwake. "Mmoja haandiki, mwingine anafuta."

Kisha akafunika uso kwa mtandio, nasi tukatoka tukamwacha.

Sasa nimestaafu, nakaa Chaani. Vijana wa kazi hii huniuliza siri ya chuma kung'aa, nami huwaambia wakae nacho kwanza, wakiulize kilipotoka. Mara mojamoja mimi huenda kwenye chumba cha maonyesho. Rivolva mbili zimewekwa pamoja katika kabati la vioo. Ile ya Likoni ni nyeusi, ina mabaka, na watu huipita. Husimama mbele ya ile ya Kisauni, wakasifu jinsi ilivyotunzwa. Wachache huinama kusoma kibao chake, nilichoomba nikiandike mwenyewe: "Ilikuwa ya mmoja kati ya askari watatu waliofungwa kwa kupoteza silaha. Namba yake ilifutwa na fundi."

Chini yake nimetia jina langu.