Mayai Yanakimbilia Tezini

Hebu mwone anavyokuja. Kwanza utasikia injini, tuk-tuk-tuk, hujaona kitu bado. Halafu kwenye kona ya mfereji, chini ya miti iliyobaki bila jani hata moja, inachomoza omo, pua ya boti ndefu, nyembamba kama korido, imesheheni magunia ya makaa ya mawe. Kule nyuma kabisa, kwenye tezi, amesimama mama mmoja mwenye kofia ya sufu. Usukani anauongoza kwa nyonga, maana mikono yote miwili imekumbatia kikombe cha chai. Huyo ndiye Beryl Hodgkiss, na boti yake inaitwa Teasel. Sisi tunaoishi juu ya maji huku Staffordshire, kila majira ya baridi tunamngoja yeye na makaa anayotuuzia kuliko tunavyongoja Krismasi.

Lakini siku ninayowasimulia hakuja hivyo. Alikuja injini imezimwa, anasukuma kwa upondo, na mvuke unafuka kutoka chumba cha injini.

"Imechemka tena!" akatupigia kelele. "Nishikieni kamba, msinikodolee macho!"

Tukaifunga Teasel kando, mbele ya boti ya mzee Clem Outhwaite. Kila mmoja wetu alijua kilichokuwa kikimuuma. Lango la Tixley, lile linalopandisha boti kwenda mfereji wa juu, lilikuwa linafungwa saa tisa alasiri. Mafundi walishafika kubadilisha milango iliyooza, na boti haingepita tena mpaka baridi iishe. Huko juu hakuna barabara. Na huko juu anaishi Nesta Pugh, bibi mwenye kifua kibovu, ambaye jiko lake lilikuwa limebakiwa na ndoo moja ya makaa. Beryl alikuwa amemwambia kwenye simu, "Bibi, nakuja." Basi.

"Ni pampu hiyo," Clem akasema, kichwa kimeshaingia chumba cha injini.

"Pampu ni mpya."

"Basi themostati."

"Nimebadilisha juzi."

"Kuna kitu kimenasa kwenye mapanga ya rafadha huko majini, injini inalemewa."

"Nimetoa suruali ya mtu leo asubuhi, Clem. Pamoja na mkanda wake! Kama ni yako, inakauka pale."

Tukacheka, yeye hakucheka. Injini za boti zetu hazina rejeta kama gari. Maji ya kuipooza yanazunguka ndani ya tangi bapa lililochomelewa ubavuni mwa boti, na kwa nje mfereji wenyewe unalipoza. Hewa ikinaswa humo, maji hayapiti sawasawa, na injini inachemka. Ndiyo maana kuna skrubu juu ya tangi, ya kuitolea.

"Ulitoa hewa?" nikamuuliza.

"Wiki iliyopita, nilipoweka maji mapya yenye dawa ya kuzuia kuganda. Nimefungua leo tena, na jana. Yanatoka maji matupu."

Akakaa juu ya gunia, uso mweusi kwa vumbi la makaa. Clem, ambaye dawa yake ya kila jambo ni chakula, akaingia jikoni kwa Beryl kumkaangia mayai. Punde tukamsikia akifoka.

"Beryl! Jiko gani hili? Mayai yako yote yanakimbilia tezini!"

"Egemeza kikaango, mzee, usinisumbue."

"Nimeegemeza! Huku yameungua, huku pakavu kabisa. Mafuta hata tone!"

"Tezini," Beryl akarudia. Akageuka kutazama omo ya boti yake, iliyoinuka juu ya maji kama pua ya mtu mwenye maringo.

Baba yake ndiye aliyemfundisha: anza kuuza magunia ya mbele, ili tezi ibaki nzito na rafadha izame kwenye maji ya kutosha. Wauza makaa wote hufanya hivyo. Ila maji ya injini alizoea kuyabadilisha boti ikiwa imejaa, imelala sawa. Mwaka huu barafu iliwahi, akayabadilisha katikati ya safari, nusu ya mzigo imeshauzwa, omo iko juu.

"Skrubu iko upande wa nyuma wa tangi," akasema polepole. "Na hewa inapanda kwenye kona ya mbele, kwa sababu mbele ndiko juu." Akaruka wima. "Magunia! Yote yaende mbele!"

"Yote?" Clem akauliza, mwiko mkononi.

"Na wewe mwenyewe, una uzito wa mawili!"

Ungetuona! Waliotoka na kandambili, waliotoka na taulo kichwani, tukapanga mstari kutoka tezi mpaka omo, gunia linapita mkono kwa mkono. Mgongo wangu sikuusikia mpaka kesho yake. Kidogo kidogo pua ya Teasel ikashuka, tezi ikainuka. Beryl akajipenyeza chini na spana yake.

Sssssssss.

Hewa ikatoka ndefu, kama mtu aliyebana pumzi wiki nzima. Kisha ikatema, ikakohoa, yakaja maji. Akakaza skrubu, akajazia maji, akawasha injini. Tukakusanyika kwenye kipimo cha joto kama watu wanaotazama mpira. Mshale ukapanda, ukafika katikati, ukatulia. Hapo tukapiga kelele hadi bata wakaruka.

Boti ilikwenda imeinamia mbele kama inatafuta kitu ilichoangusha, rafadha inachapa maji nusu na hewa nusu, lakini ilikwenda. Sisi tukatangulia mbio kwa njia ya kando kufungua milango ya Tixley. Msimamizi wa mafundi alikuwa ameshika mnyororo wa kufungia tayari. Akaangalia saa yake, akaangalia Teasel, akauweka chini.

"Ya mwisho hiyo," akasema.

Jioni ile bomba la jiko la Nesta lilitoa moshi mzito, na tulijazana kwake tukinywa chai, yeye akicheka mpaka anakohoa.

"Semeni kweli," Clem akasema. "Injini imetengenezwa na mayai yangu."

"Mayai uliyaunguza!" Beryl akamjibu. "Nimetengeneza mimi."

"Bila mayai ungekuwa bado umekalia gunia."

Wanabishana mpaka leo. Nawe uliyesikia yote, ungempa nani ushindi?